Utu Hauna Bei: Neno Muungwana na Historia ya Usawa wa Binadamu

Swali la kama binadamu wote wana thamani sawa huulizwa mara nyingi kana kwamba ni la wanafalsafa peke yao. Katika pwani yetu swali hilo lilipata kujibiwa sokoni, kwa fedha taslimu. Mtu alisimamishwa mbele ya wanunuzi, akakaguliwa meno na misuli, kisha bei yake ikatajwa. Kijana mwenye nguvu alikuwa na bei yake, na mzee alikuwa na yake. Kwa hiyo anayetaka kujua kama watu wote ni sawa hana budi kwanza kujua jinsi jamii yetu ilivyopata kuamini kwamba si sawa, na jinsi imani hiyo ilivyoanza kuvunjika.

Ushahidi wa imani hiyo umo katika lugha yenyewe. Katika karne ya 19 neno muungwana halikuwa na maana ya mtu mwenye adabu, kama tulivyozoea leo. Maana yake ilikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Chini yake palikuwa na ngazi nyingi. Mtumwa wa kiume aliitwa mtwana, na wa kike mjakazi. Mzalia ni yule aliyezaliwa utumwani hapa hapa pwani, naye alijiona bora kuliko aliyeletwa. Aliyewasili karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za pwani, aliitwa mjinga. Neno hili la mwisho lafaa kutufikirisha. Mtu huyo hakuwa amekosa akili. Alikuwa mkulima hodari kwao, pengine mganga au mfua chuma, ila alikuwa ametekwa na kutiwa ugenini. Lugha ya wenye nguvu ikaugeuza msiba wake kuwa upungufu wa akili yake, na maana hiyo ikabaki mpaka leo.

Ni kweli kwamba dini na desturi za pwani zilimhimiza bwana awatendee watumwa wake kwa huruma, na kwamba kumwacha mtumwa huru kulihesabiwa kuwa tendo jema lenye thawabu. Kila Mwislamu alijua habari za Bilal, aliyekuwa mtumwa kisha akapewa heshima ya kuwaadhinia Waislamu wa kwanza. Wako mabwana waliofuata mafundisho hayo kwa moyo safi. Lakini hisani si haki. Hisani hutoka kwa mwenye kutoa, naye aweza kutotoa. Mtumwa aliyeachwa huru kwa wema wa bwana wake alipata uhuru, bali kanuni iliyomruhusu mtu kummiliki mwenziwe ilibaki palepale, na jirani yake akabaki mtumwa.

Tarehe 5 Juni, 1873, Sayyid Barghash wa Zanzibar, akishurutishwa na Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Soko la Mkunazini likafungwa, na mahali hapo Waanglikana wakajenga kanisa lao kuu. Hata hivyo, kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Waliokuwa katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba waliendelea kuwa mali ya watu kwa karibu robo karne nyingine.

Ndipo tarehe 6 Aprili, 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed akatoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria. Amri hii inastahili kusomwa kwa makini na kila mwanafunzi wa historia, kwa sababu ya yale iliyoyaacha. Haikumtangaza kila mtumwa kuwa huru siku ile. Ilimtaka aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, na aonyeshe kwamba ana mahali pa kukaa na njia ya kujipatia riziki. La sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Masuria hawakuingizwa katika haki hiyo mpaka mwaka 1909. Na ilipofika habari ya fidia, aliyelipwa ni bwana. Serikali ilipima hasara ya aliyenyang'anywa mtumwa, wala haikupima hasara ya aliyenyang'anywa maisha yake. Bara, Wajerumani hawakufuta utumwa kabisa. Waliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Sheria ya kuukomesha Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Hapa pana fundisho kubwa. Sheria ile ya 1897 ilimwachia mtu mwili wake, lakini bado ilimhesabu kwa bei. Kama fidia ni malipo ya thamani iliyopotea, basi kwa mujibu wa sheria thamani ya mtumwa ilikuwa ile aliyokuwa nayo kwa bwana wake. Thamani aliyokuwa nayo kwa nafsi yake haikuandikwa popote.

Ni nani, basi, aliyeiandika? Waliiandika wenyewe walioachwa huru, si kwa kalamu, bali kwa mwenendo wa maisha yao. Zamani mjakazi alijulikana kwa kaniki yake nyeusi, na mtwana kwa kichwa chake kitupu. Uhuru ulipopatikana, wanawake walivaa kanga za rangi na maua, wakajitanda buibui. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Wengine waliona mambo hayo kuwa ni majivuno ya watu wasiojua mahali pao. Kumbe ndilo jibu lenyewe: hapakuwa tena na mahali pao palipopangwa na mtu mwingine. Hata kabla ya hapo, wapagazi wa misafara iendayo bara, ambao wengi wao walikuwa watumwa au wana wa watumwa, walijiita waungwana. Waliofika nao Kongo waliliacha jina hilo huko, na hata Kiswahili cha upande ule kikaitwa Kingwana.

Mfano ulio bora kupita yote ni wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika jamaa ya watumwa, akapewa jina la Mtumwa. Alikulia katika umaskini, akiuza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake. Alipohamia mjini alijifunza taarabu, na sauti yake ikamfikisha katika majumba ya wakubwa, hata mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri. Mjini walimpa jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Wako waliomkejeli kwa asili yake na kwa sura yake. Yeye aliwajibu kwa wimbo, akiwaambia kwa ufupi kwamba sura na ukoo si hoja, na kwamba aliyepungukiwa ni yule aliyekosa busara. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Msomaji aangalie, lakini, asije akaelewa vibaya. Siti hakupata thamani yake siku alipojua kuimba. Kama thamani ingetokana na kipaji, basi wajakazi wote waliokufa bila kuimba wangekuwa kweli duni, na soko la Mkunazini lingekuwa limekosea katika mtu mmoja tu. Kipaji chake kiliwalazimisha watu wamwone. Alichokionyesha kilikuwamo ndani ya wote waliosimama pamoja na wazee wake. Na hili ndilo jibu kwa wale wasemao kwamba watu hawawezi kuwa sawa kwa kuwa huyu ana nguvu na yule hana, huyu ana elimu na yule hana. Watu hutofautiana kwa uwezo, wala hakuna anayebisha. Lakini uwezo hutuambia mtu afanye kazi gani. Hautuambii kama ni mtu.

Tena, historia hii isifanywe silaha ya kuchukiana. Waliouza watu walikuwa wa makabila na rangi mbalimbali. Wako watemi na wafanyabiashara wa bara walioshiriki, kama walivyoshiriki Waarabu na wenye mitaji wa Kihindi. Anayesema kwamba wajukuu wa fulani wabebe dhambi ya babu yao anarudi katika kanuni ile ile ya kumpima mtu kwa nasaba. Jambo hilo lilipata kujaribiwa mwezi wa Oktoba, 1961, Bunge lilipojadili uraia wa Tanganyika. Wako wabunge waliotaka uraia ufuate rangi. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliwapinga kwa ukali, akaeleza kwamba Serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali uraia wa ngozi. Taifa likazaliwa Desemba ile juu ya msingi wa utu. Msingi huo umo hata leo katika ibara ya 12 ya Katiba ya mwaka 1977, inayotambua kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa.

Methali yetu husema kwamba uungwana ni vitendo. Waliolitwaa neno hili wakalitoa katika nasaba na kulitia katika mwenendo walitufanyia kazi kubwa, kwani neno lililokuwa ukuta limekuwa mlango ulio wazi kwa kila mtu. Lakini neno mjinga bado halijakombolewa. Mwalimu anayemwita hivyo mtoto aliyetoka kijijini, kwa kuwa hajui desturi za shule, anatumia neno kwa maana yake ya zamani bila ya kujua. Na amtazame mtoto huyo tena, kwa maana naye amefika mahali pageni, na ana habari zake ambazo hajaulizwa.