Kubadilisha nyonga

Kubadilisha nyonga ni upasuaji wa kuondoa kiungo cha nyonga kilichoharibika na kuweka cha bandia. Sababu kuu ni kusagika kwa gegedu, mifupa ikabaki inasuguana. Nyingine ni kuvunjika kwa shingo ya fupaja, kifua kikuu cha mifupa na selimundu, ambayo huziba damu iendayo kwenye kichwa cha mfupa hata kwa vijana. Maumivu hushika kinenani na mara nyingi hushuka hadi gotini, ndiyo maana wengi hudhani ni ugonjwa wa goti.

Mtindo wa sasa ulianzishwa na John Charnley nchini Uingereza mwaka 1962: kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Nchini Tanzania upasuaji huu hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, safari ndefu kwa mgonjwa wa wilaya ya mbali kama Kakonko.

Kwa kawaida mgonjwa husimamishwa ndani ya siku moja au mbili, kisha hutembelea magongo kwa wiki kadhaa. Hatari za mwanzo ni maambukizi, damu kuganda mguuni na kiungo kuchomoka. Kwa hiyo wengi huzuiwa kukunja nyonga kupita nyuzi 90: kigoda, choo cha kuchuchumaa na palizi ya kuinama huwekwa kando, na choo cha shimo huhitaji kiti chenye tundu. Nyonga nyingi za bandia hudumu miaka 15 au zaidi.