Bakteria Mmoja Aliyebaki

Mjomba alianza dawa za TB mwaka uleule nilioacha chuo. Miezi miwili baadaye kikohozi kiliisha, mwili ukarudi, naye akaanza kuruka vidonge. "Si nimepona? Hizi zingine ni za nini?" Mama alimfokea kila asubuhi, kisha akanigeukia mimi, mtu wa familia aliyesoma mambo ya bakteria mwaka mmoja na nusu kabla ya karo kugoma. Nilijua dozi ni miezi sita. Kwa nini sita? Hapo sikuwa na kitu.

Mjomba aliacha dawa. TB ikarudi. Mimi nikaanza kusoma, nimechelewa.

Hadithi yenyewe inaanza mwaka wa 1944, na mtaalamu wa bakteria kutoka Dublin, Joseph Bigger. Penisilini ilikuwa dawa mpya, watu wanaiona kama muujiza. Bigger aliwamwagia bakteria wa stafilokoki dawa hiyo, na karibu wote wakafa. Karibu. Takriban mmoja katika kila milioni alibaki hai.

Ungedhani hao waliobaki ni sugu. La hasha. Alipowakuza tena, watoto wao walikufa kwa penisilini ileile. Hawakurithi chochote cha kuwakinga. Bigger akawapa jina lao, ambalo kwa Kiswahili nitasema wang'ang'anizi. Alikisia kwamba dawa iliwakuta wamepumzika, hawagawanyiki, na penisilini huua bakteria anayekua. Lakini kukisia si kuona.

Na kuona kulikuwa kugumu, bana. Maabara chuoni tulikuwa tunapima ukungu wa supu kwenye chupa, tunaandika namba moja. Namba moja kwa mamilioni ya bakteria! Mmoja katika milioni anapotelea ndani ya wastani. Tena ukimpata baada ya dawa, swali lenyewe limeshapita: kabla ya dawa alikuwa anafanya nini?

Swali hilo lilingoja miaka sitini. Katika miaka ya 1990, watafiti kama George Whitesides wa Harvard waliendeleza njia rahisi ya kutengeneza vifaa vidogo sana. Unachonga kalibu kwa mbinu zinazotumika kutengeneza chipu za kompyuta, unamimina silikoni, inaganda, unaibandua kama keki kwenye sufuria. Unabaki na kipande laini, kinachopitisha mwanga, chenye mifereji membamba kama bakteria mwenyewe. Upana wa unywele mmoja unatosha makumi ya mifereji hiyo.

Mwaka wa 2004, Nathalie Balaban na wenzake walichapisha kazi yao katika jarida la Science. Walipanga Escherichia coli kwenye mifereji, kila mmoja na uzao wake kwenye mstari, hadubini ikipiga picha. Wakawalisha, wakapitisha ampisilini, wakaisafisha, wakawalisha tena. Kisha wakarudisha picha nyuma. Waliobaki hai walikuwa wakikua polepole hata kabla dawa haijafika. Bigger alikuwa amekisia vizuri.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini mwaka wa 2013 maabara moja ya Lausanne, Uswisi, iliharibu utamu. Yuichi Wakamoto, John McKinney na wenzao waliweka kwenye chipu binamu wa bakteria wa TB, wakampa isoniazidi. Kasi ya kukua haikutabiri nani angepona. Isoniazidi haiui mpaka iamshwe na kimeng'enya cha bakteria mwenyewe, kiitwacho KatG, nacho hutengenezwa kwa vipindi. Dawa ikimkuta bakteria katikati ya vipindi hivyo, anaweza kuponea hapo. Hakulala. Alibahatika tu.

Isoniazidi ilikuwa kwenye vidonge vya mjomba. Miezi miwili ya kwanza ya tiba huua walio wengi, na mgonjwa anajisikia poa. Minne inayofuata ni ya wale wachache waliobaki, wasioonekana kwenye kikohozi wala kwenye mizani.

Alipoanza dozi upya, nilimwonyesha kwenye simu video ya bakteria ndani ya chipu. Mstari mzima unapasuka, mmoja anabaki, halafu anagawanyika. Mjomba aliitazama mara mbili.

"Sasa mimi ninao wangapi kama huyo?"

Sikujua, nikamwambia hivyo. Akaomba maji, akameza vidonge vyake.