Sheria Iliyoshuka na Gari Moshi

Tarehe 20 Desemba 1901, reli kutoka Mombasa ilifika kwenye maji ya Ziwa Victoria. Waingereza wakapaita mahali hapo Port Florence, kwa jina la mke wa Ronald Preston, aliyesimamia utandazaji wa reli. Jina hilo halikudumu. Kisumu ikabaki Kisumu. Lakini yapo yaliyoshuka na gari moshi yakadumu, mojawapo likiwa sheria ya kumfunga mwanamke aliyetoa mimba.

Leo ubishi kuhusu utoaji mimba unapozuka, wapo wanaosema kwamba haki ya kutoa mimba ni mgeni aliyetumwa na wafadhili. Wapo wanaojibu kwamba marufuku yenyewe ndiyo iliyoletwa na mkoloni. Ukifuata historia ya ufuo huu utaona kwamba kila upande umeshika kipande cha ukweli. Ila kuna kitu kilichokuwa chetu, ambacho pande zote mbili hazikitaji: msichana aliyepata mimba alikuwa na mtu wa kumwambia.

Kabla ya reli, binti wa Kijaluo aliyekaribia kuvunja ungo alihamia siwindhe, nyumba ya bibi. Humo pim, mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa malezi, aliwafundisha wasichana hadithi, nasaba, mwili na mipaka yake. Tusiipambe siwindhe kupita ilivyokuwa. Binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa alifedheheka, mtoto wake akaitwa kimirwa, naye angeweza kuozwa mzee asiyemtaka. Hata hivyo, aibu yake ilikuwa na wabebaji: bibi aliyetambua kwanza, nyamrerwa aliyejua mitishamba na uzazi, na ukoo uliotafuta pa kumweka yeye na mtoto. Utaratibu huo ulikuwa mkali, lakini haukumwacha peke yake.

Mwezi Aprili 1902, Kisumu na eneo lililokuwa mashariki mwa Uganda vilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambako mahakama zilitumia Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Mwaka 1930 koloni la Kenya likapata kanuni yake, na vifungu vyake kuhusu mimba vilifuata sheria ya Uingereza ya 1861, ya enzi za Malkia yuleyule ambaye ziwa limebeba jina lake. Vifungu hivyo bado vimo: kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, 7 kwa mwanamke mwenyewe, na 3 kwa anayetoa dawa au vifaa.

Wamisionari walifika karibu wakati mmoja na reli. Mapadri wa Mill Hill walianza kazi Kisumu mwaka 1903. Mwaka 1906 Waadventista wakapiga kambi Gendia, na Waanglikana Maseno. Walileta shule na hospitali zilizookoa maisha mengi, na fundisho kwamba uhai ni amana ya Mungu, ambalo watu wa ziwa walilipokea kwa moyo kwa kuwa kwao pia mtoto alikuwa baraka. Lakini bweni lilipochukua nafasi ya siwindhe, somo la mwili likabaki nje ya mlango. Msichana akafundishwa kuhusu dhambi. Nani wa kumwendea akishaanguka, hakuambiwa.

Sheria yenyewe ilianza kulegea kwao ilikotoka. Mwaka 1938, daktari Aleck Bourne wa London alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari, kisha akajipeleka mwenyewe mbele ya sheria. Aliachiliwa, baada ya jaji kueleza kwamba kuokoa maisha ya mama ni pamoja na kumkinga asiharibikiwe kabisa mwili au akili. Mwaka 1959, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali msingi huo. Mwaka 1967, Bunge la Uingereza liliruhusu utoaji mimba kwa masharti. Mwaka huohuo Kenya huru ilianzisha mpango wa kitaifa wa uzazi wa majira, lakini maneno ya 1861 ikayaacha kama yalivyo. Mwenye nguo alikuwa ameilegeza. Sisi tukaendelea kuivaa ilivyokuwa.

Matokeo yake yalijaa wodini. Kisumu ilikuwa na hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo wakazi wanaiita Russia mpaka leo, na ambayo sasa ina jina la Jaramogi Oginga Odinga. Katika hospitali za namna hii, wauguzi wa zamu za usiku waliwapokea wanawake waliokuwa wakivuja damu, wenye homa kali na mdomo uliofungwa. Kusema ukweli kulikuwa kukiri kosa la jinai.

Katika miaka ya 1990 kimya hicho kilivunjwa kutoka pande mbili. Profesa Khama Rogo, daktari wa magonjwa ya wanawake, aliandika na kusema hadharani kuhusu vifo vya wanawake waliotoa mimba kwa njia za hatari. Yeye na muuguzi Monica Oguttu walianzisha Kisumu shirika la KMET, ambalo lilifundisha wahudumu wa afya kumtibu mwanamke aliyeharibikiwa na mimba. Upande wa pili alisimama Margaret Ogola, daktari wa watoto na mwandishi wa *The River and the Source*, riwaya inayofuata vizazi vya wanawake wa ufuo huu. Alihudumu katika tume ya afya na familia ya maaskofu Wakatoliki, na alitetea uhai wa mtoto aliye tumboni bila kuyumba, huku akiwalea watoto wenye virusi vya UKIMWI katika kituo cha Cottolengo. Watu hawa walitofautiana kwa kina, lakini hakuna aliyemtazama mwanamke kama takataka. Mjadala wetu wa leo umepungukiwa na heshima hiyo.

Kisha ikaja Katiba. Makanisa mengi yaliipinga kwa sababu ya Kifungu cha 26. Hata hivyo tarehe 4 Agosti 2010 takriban asilimia 67 ya wapiga kura waliipitisha, na Nyanza iliiunga mkono kwa wingi mkubwa. Kifungu hicho kinasema uhai huanza mimba inapotungwa. Kinakataza utoaji mimba, ila pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine inaruhusu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuvutana. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa 2012 uliondolewa mwaka uliofuata. Utafiti uliotolewa 2013 ulikadiria kwamba mimba 464,690 zilitolewa nchini mwaka 2012, na karibu wanawake 120,000 walitibiwa kwa madhara yake. Nyanza na Magharibi zilikuwa miongoni mwa maeneo yenye viwango vya juu zaidi. Juni 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuuondoa mwongozo huo kulikiuka haki. Kesi hiyo ilibeba kisa cha msichana aliyebakwa akiwa na miaka 14, akatolewa mimba kwa njia ya hatari, akaugua figo na kufariki mwaka 2018.

Umri wake ni uleule wa msichana wa Bourne. Mmoja alimpata daktari, mwingine hakumpata, na kati yao imepita karibu miaka 80.

Kwenye fuo za Dunga, Usenge na Port Victoria, ambako jaboya, yaani mvuvi, humlazimisha mchuuzi alipe kwa mwili wake ndipo auziwe samaki, hukumu za Nairobi husikika kwa mbali. Lakini tuyasome tena maneno ya Katiba: "kwa maoni ya mtaalamu wa afya". Maoni hayapatikani bila mazungumzo. Ili kifungu hicho kifanye kazi, iwe mwanamke atatibiwa au ataendelea kulea mimba yake, lazima kwanza aingie zahanati, aketi, na aseme. Anayeamini uhai ni mtakatifu na anayeamini mwili ni wa mwenyewe wote wanahitaji mlango huo uwe wazi. Katiba imeijenga upya siwindhe bila kuitaja kwa jina. Kilichobaki ni kumweka ndani yake mtu ambaye msichana hatamwogopa.