Mfalme wa Hue, Fundi Redio wa Réunion

Boti ikitoka Baraka na kuizunguka rasi ya Ubwari, ikishika njia ya kusini, hupita Kalemie na mwishowe hufika Moba. Huko ndiko Wabelgiji walikomtupa Mwami Yuhi Musinga wa Rwanda. Walimwondoa katika enzi mwezi Novemba 1931, wakampa mwanawe Rudahigwa kiti chake, na Musinga wakamweka kwanza Kamembe. Hata Kamembe wakaiona iko karibu mno na watu wake. Wakamhamishia Moba, na ni huko, kando ya ziwa letu la Tanganyika, alikofia mwaka 1944.

Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya wakoloni kwa mfalme asiyetii. Ukimwua, watu watamlilia na kulipiza. Ukimwacha nyumbani, watamwendea usiku. Basi unamvusha maji. Waingereza walimpeleka Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro mpaka Shelisheli baada ya kuwakamata mwaka 1899. Wafaransa nao walikuwa na Réunion.

Kisiwa hicho kiko mashariki ya Madagaska: mlima wa volkano unaowaka hadi leo, miwa chini yake, na watu ambao mababu zao waliletwa kutoka kila upande. Wengi wao walitoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa ili apate watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Kifaransa katika Bahari ya Hindi. Utumwa ulipokwisha wakaja vibarua kutoka India, kisha wafalme walionyang'anywa nchi zao. Sultani Said Ali wa Ngazidja alihamishiwa huko. Malkia Ranavalona wa Tatu wa Madagaska alifikishwa mwaka 1897, kabla ya kuhamishwa tena kwenda Algiers. Mwaka 1926 akaja Abdelkrim wa milima ya Rif, Moroko, pamoja na jamaa zake.

Kati ya wafungwa hao wote, anayenigusa zaidi ni kijana wa Kivietinamu aliyeshuka Saint-Denis mwezi Novemba 1916, akiwa na umri wa miaka 16.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Vĩnh San. Alizaliwa mwaka 1900 katika jumba la kifalme la Hue, mwana wa Mfalme Thành Thái. Mwaka 1907 Wafaransa walimwondoa baba yake madarakani, wakidai kwamba ana kichaa, kisha wakawapanga wanawe ili wachague mmoja. Inasimuliwa kwamba huyu mdogo hakuwepo kwenye mstari. Alikutwa akikimbiza nyenje, amejaa vumbi. Wakamchagua yeye wakiwapita kaka zake, kwa kuwa mtoto wa miaka saba hawezi kumpinga mtu. Akapewa jina la enzi, Duy Tân.

Walikosea hesabu. Mtoto alikua huku akitazama kila hati ikipitia mkononi mwa Mfaransa. Vita Kuu ilipozuka Ulaya, vijana wa Kivietinamu walikusanywa na kupelekwa Ufaransa kupigana na kufanya kazi viwandani. Wasomi wawili wapinzani, Trần Cao Vân na Thái Phiên, walimpata mfalme kwa siri, wakapanga maasi pamoja naye. Usiku mmoja wa Mei 1916 alitoka jumbani akiwa amevaa nguo za mtu wa kawaida. Siri ilikuwa imeshavuja. Baada ya siku chache alikamatwa, na alipoambiwa kwamba anaweza kurudi kitini akikubali yaliyopo, alikataa. Wale wasomi wawili waliuawa mwezi huohuo. Yeye na baba yake wakapakiwa melini, pamoja na mama yake na mkewe kijana, Mai Thị Vàng.

Wanawake hawakuweza kuishi Réunion. Baada ya kama miaka miwili walirudi Vietinamu, na mume na mke hawakuonana tena. Mwaka 1925 Vĩnh San aliliandikia baraza la ukoo wa kifalme akitaka mkewe aachwe huru aolewe na mwingine. Bibi huyo alikataa, akaishi peke yake mpaka mwisho wa maisha yake. Katika habari zote za ukoo huu, hiyo ndiyo ninayoirudia mara kwa mara, maana adhabu aliyopewa mume aliitumikia mke aliyekuwa nyumbani kwao.

Vĩnh San mwenyewe hakukaa akisubiri posho ya serikali. Alisoma, akaandika mashairi na makala kwa Kifaransa, akapiga fidla, akapanda farasi wa mashindano. Zaidi ya yote alijifunza redio. Alifungua duka la ufundi Saint-Denis akaliita Radio-Laboratoire, na mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha enzi cha Hue akawa anainamia redio za wateja, anachomea nyaya na kubadilisha taa zilizoungua.

Alizaa watoto na wanawake wa kisiwani. Kwa kuwa ndoa hizo hazikutambuliwa, watoto walibeba majina ya mama zao, na ilibidi mahakama ya Saint-Denis itoe hukumu mwaka 1946, baba akiwa ameshakufa, ndipo wakaruhusiwa kuitwa Vinh San. Walikua wakizungumza Kikrioli na Kifaransa. Nchi ya baba yao waliijua kwa kuisikia. Msomaji wa Fizi hahitaji kuelezwa jambo hilo kwa kirefu. Waliovuka ziwa wakati wa vita ya 1996 wakafika kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu, wamezaa na kulea huko, na wapo vijana watu wazima wanaojiita wa Baraka bila kuwahi kukanyaga mchanga wake.

Redio ndiyo iliyomrudisha Vĩnh San kwenye historia. Ufaransa ilipoanguka mwaka 1940, gavana wa Réunion alifuata serikali ya Vichy, lakini fundi huyu aliwasikiliza watu wa Jenerali de Gaulle, yaani Wafaransa Huru, na kuwapelekea habari kwa mawimbi. Alikamatwa mwaka 1942 akafungwa wiki kadhaa. Mwezi Novemba mwaka huo manowari Léopard ya Wafaransa Huru ilikikomboa kisiwa, naye akapanda humo kufanya kazi ya redio. Baadaye akaingia jeshini na kupanda vyeo. Mfungwa wa Ufaransa aliichagua Ufaransa iliyopigania uhuru wake, akitumaini kwamba nayo itaelewa uhuru wa wengine. Simlaumu. Waafrika wengi waliovaa sare katika vita ile walikuwa na tumaini hilohilo.

Desemba 14, 1945, de Gaulle alimpokea Paris. Huko Vietinamu Mfalme Bảo Đại alikuwa amejiuzulu mwezi Agosti, Hồ Chí Minh ametangaza uhuru Hanoi, na jenerali alitaka mtu wa tatu wa kumweka badala yao. Vĩnh San aliondoka kwa ndege kwenda kwanza Réunion kuwaona jamaa zake. Desemba 26 ndege ilianguka karibu na M'Baïki, katika misitu ya Ubangi-Shari, ng'ambo ya mto kutoka Kongo. Wote waliokuwamo walikufa. Wapo wanaosema hadi leo kwamba haikuwa ajali, lakini ushahidi haujaonekana.

Mwaka mmoja baadaye vita vya Indochina vikaanza, vikaendelea mpaka Wafaransa waliposhindwa Điện Biên Phủ, 1954. Mzee Thành Thái aliruhusiwa kurudi Vietinamu mwaka 1947, baada ya miaka 30 kisiwani, akafa mwaka uleule wa Điện Biên Phủ. Mifupa ya mwanawe ilibaki katika ardhi ya Afrika kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1987 ilifukuliwa na kuzikwa upya Hue, karibu na kaburi la baba yake. Wajukuu na vitukuu wake wametawanyika kati ya Réunion na Ufaransa, na Saint-Denis kuna daraja linaloitwa Vinh San, linalopitwa kila siku na watu wanaokwenda kazini.