Kukanda Kano ya Kisigino: Historia ya Tiba ya Mikono

Kano ya kisigino, yaani ule utepe mnene unaoshikiza misuli ya shavu la mguu kwenye mfupa wa kisigino, ilihusishwa na jina la Achilles na mwanaanatomia Philip Verheyen katika kitabu chake cha mwaka 1693, lakini hofu ya kuijeruhi ni ya kale zaidi, kwa kuwa maandishi ya Kigiriki yaliyonasibishwa na Hippocrates yalikwisha kuonya kwamba ikipondeka au ikikatwa huleta homa kali na hata kifo. Maandishi ya mkondo huohuo yalimtaka tabibu awe stadi wa kusugua, kwa hoja kwamba mkono hukaza kiungo kilicholegea na kulegeza kilichokakamaa.

Mwaka 1868 Johann Georg Mezger, Mholanzi, aliandika tasnifu iliyotetea kutibu mguu ulioteguka kwa kuusugua, na kwa hoja hiyo ukandaji ulipata heshima miongoni mwa madaktari wa Ulaya. Katika karne ya 20 James Cyriax, wa hospitali ya St Thomas' jijini London, alieneza msuguo wa kukingama, ambao kidole huvuka nyuzi za kano badala ya kuzifuata, akiamini kwamba huachanisha tishu zilizogandamana. Njia hiyo ilienea sana, ingawa tafiti za baadaye hazikuipatia ushahidi wa kutosha.

Pigo halisi kwa desturi ya kutegemea mikono peke yake lilikuja mwaka 1998, pale Håkan Alfredson na wenzake nchini Sweden walipowapa wanamichezo 15 wenye maumivu sugu ya kano hiyo zoezi la kushusha kisigino polepole chini ya ukingo wa ngazi, mara mbili kila siku kwa wiki 12, na wote wakarejea kukimbia. Ilidhihirika kwamba kano huimarika kwa kubebeshwa mzigo unaoongezwa hatua kwa hatua, ilhali kukanda shavu la mguu, kunakopunguza ukakamavu na maumivu kwa muda, ni msaidizi mwema wa mazoezi wala si mbadala wake.

Mtu aliyesikia mlio wa ghafla kisiginoni, kisha akashindwa kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo, huenda kano yake imekatika. Asichuliwe na yeyote, bali apelekwe hospitali mara moja.