Villa del Mare: nyumba ya Mobutu juu ya bahari, wakati Beni na Butembo zinaanguka

Mtu yeyote wa huku kwetu aliyekuwa na akili ya kukumbuka mwaka 1996 anajua mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule ulivyopita. Askari wa Zaire, ma-FAZ, walikuwa wanakimbia kutoka kusini, na kila mji waliopita waliuibia. Goma ilianguka mwanzoni mwa mwezi. Mwishoni mwa mwezi zikafuata Butembo na Beni. Maduka yalivunjwa, magari yakachukuliwa, watu wakalala porini. Na mkuu wa askari hao, Marshali Mobutu Sese Seko, alikuwa wapi? Alikuwa Ufaransa, kwenye nyumba yake iitwayo Villa del Mare, akiangalia bahari.

Pahali penyewe panaitwa Roquebrune-Cap-Martin. Ni mji mdogo kusini kabisa mwa Ufaransa, katikati ya Monaco na Menton, karibu na mpaka wa Italia. Cap Martin ni ulimi wa mawe na miti unaoingia baharini, na juu ya mawe hayo matajiri wa Ulaya wamejenga tangu zaidi ya miaka 100. Eugénie, mjane wa Napoléon wa Tatu, alikuwa na villa yake pale. Parsele pale hainunuliwi na mtu wa mshahara, hata mshahara wa waziri. Magazeti ya Ulaya yaliielezea nyumba ya Mobutu kama jumba la marumaru, lenye mabwawa ya kuogelea.

Haikuwa nyumba yake moja. Alikuwa na apatimenti Paris kwenye avenyu Foch, villa Savigny karibu na Lausanne huko Uswisi, mali Ubelgiji na Ureno. Hapa nchini alikuwa na jumba la Goma kando ya Ziwa Kivu, na majumba ya Gbadolite, ambako uwanja wa ndege ulijengwa mrefu wa kutosha kupokea Concorde. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilikadiria kwamba pesa alizochukua zinaweza kufika dola bilioni 5. Ni makadirio, hakuna aliyezihesabu. Lakini askari wake walikuwa wanakaa miezi bila kulipwa, na ndiyo maana walikuwa wamekwisha kupora Kinshasa na miji mingine mara mbili, Septemba 1991 na Januari 1993, kabla ya kutufikia sisi.

Namna villa ilivyogeuka ikulu

Agosti 1996 Mobutu alipasuliwa Lausanne kwa ajili ya kansa ya tezi ya kiume. Mwanzoni mwa Novemba akahamia Villa del Mare ili apone. Basi siasa yote ya Zaire ikahamia kule. Waziri mkuu Kengo wa Dondo alikuwa Kinshasa, lakini neno la mwisho lilikuwa Cap Martin. Mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Raymond Chrétien wa Kanada, aliyetumwa kwa ajili ya vita na wakimbizi wa Kivu, alilazimika kumfuata Mobutu huko huko. Fikiria: kuzungumza habari za Kivu, unapanda ndege kwenda Nice!

Desemba 17 Mobutu alirudi Kinshasa, na watu wengi walimpokea kwa shangwe. Hakukaa. Januari 1997 alirudi Ufaransa, na akarudi tena Kinshasa mwezi wa tatu, wakati Kisangani imekwisha kuanguka. Mei 16 aliondoka Kinshasa kwenda Gbadolite, na kesho yake wanajeshi wa AFDL wakaingia mji mkuu. Kwenye ile villa hakurudi tena. Alikufa Rabat, Moroko, tarehe 7 Septemba 1997.

Chini ya majumba

Kuna jambo la Cap Martin ambalo linastahili kujulikana. Chini ya majumba, kandokando ya mawe, kuna njia ya miguu ambayo zamani walipitia watu wa forodha. Sheria ya Ufaransa ya Desemba 1976 inampa kila mtu haki ya kupita kando ya bahari, hata mbele ya nyumba ya tajiri: mita 3 za upana. Mvuvi, mwanafunzi, mgeni, wote wanapita. Aliyetembea Goma au Bukavu akitafuta pahali pa kugusa maji ya ziwa kati ya kuta za majumba ataelewa kwa nini tunaitaja.

Na kwenye njia ile ile kuna kibanda cha mbao. Alikijenga Le Corbusier, fundi mkubwa wa majengo wa karne iliyopita, mwaka 1952: mita 3,66 kwa 3,66, kitanda, meza, dirisha. Kwa ukubwa wake ni kama nyumba za mbao tunazozijua sisi. Leo watu wanatoka mbali kuja kukiangalia.

Pesa zilienda wapi

Mei 1997, Mobutu alipoanguka, Uswisi ilifunga mali zake zote, pamoja na villa ya Savigny, ambayo baadaye iliuzwa. Pesa zilizopatikana katika benki za Uswisi zilikuwa kidogo kuliko watu walivyotazamia: franka milioni 7,7, karibu dola milioni 7. Zilikaa zimefungwa miaka 12. Ili zirudi kwa taifa, Kinshasa ilipaswa kuendesha kesi na kuipa Uswisi ushahidi. Haikufuata utaratibu hadi mwisho. Profesa mmoja wa sheria wa Uswisi, Mark Pieth, alijaribu kuzizuia kwa kuleta mashtaka mwenyewe. Julai 2009 mahakama ya shirikisho ikamkatalia. Muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Pesa zikafunguliwa, zikaenda kwa warithi. Wakati ule mmoja wa watoto wa Mobutu, Nzanga, alikuwa naibu waziri mkuu katika serikali ya Kinshasa.

Waswisi wenyewe waliona aibu. Tarehe 1 Februari 2011 sheria mpya ilianza kazi kwao. Iliruhusu mali ya kiongozi kuchukuliwa na kurudishwa kwa wananchi hata kama nchi yake imeshindwa kuendesha kesi, na mwenye mali ndiye aliyepaswa kuonyesha alikoipata. Kwa franka milioni 7,7 za Zaire ilikuwa imechelewa kwa mwaka mmoja na nusu.