Kuku wa Nyeri Alikuja kwa Daftari

Simulizi ya kuku wa kukaanga katika miji ya Mlima Kenya husimuliwa kuanzia mwisho wake. Husemwa kwamba zamani watu wa Nyeri, Karatina, Embu na Nanyuki walikula githeri, mukimo na nyama ya mbuzi, kisha kampuni za kigeni zikafungua milango, vijana wakaacha vyakula vya nyumbani na kukimbilia kuku na chipsi. Tarehe inayotajwa mara nyingi ni Agosti 2011, KFC ilipofungua mkahawa wake wa kwanza Nairobi. Simulizi hii ina sehemu ya kweli, kwa maana mtaji wa kigeni umebadilisha ulaji wa mijini kote Kenya. Lakini kwa Nyeri inakosea pakubwa. Inachukulia kwamba palikuwa na kuku wa kimila aliyeondolewa mezani na kuku wa kampuni, na hapakuwa naye. Kuku kama kitoweo alikuwa mgeni katika nyanda hizi kabla kampuni yoyote haijafika, na nadai kwamba aliyemkaribisha alikuwa msomaji: mtu aliyejifunza kusoma, akanakili maelekezo ya upishi kwa mkono, kisha akayajadili na wenzake. Kusoma kwa starehe, kukusanya mapishi na kula kuku vilikua pamoja hapa, na ukikitenga kimoja huelewi vingine viwili.

Tuanze na kilichokuwepo. Kwa Mluhya kuku ndiye heshima ya mgeni, na firigisi ina mwenyewe mezani. Pwani, kuku wa kupaka ni chakula cha sikukuu tangu kale. Nyanda za Wakikuyu zilikuwa tofauti. Louis Leakey, aliyekusanya habari za Wakikuyu wa kusini mwishoni mwa miaka ya 1930, na watafiti wengine wa enzi hiyo wanaeleza jamii ambayo ndege, samaki na wanyama wa porini hawakuhesabiwa kuwa chakula cha mtu mwenye kufuata mila. Nyama ilikuwa ya mbuzi, kondoo na ng'ombe, nayo ilichinjwa kwa sababu: ndoa, kiapo, upatanisho, tambiko. Siku za kawaida chungu kilikuwa cha maharagwe, njahi, mtama, wimbi, mahindi, ndizi na viazi vikuu. Mwaka 1931 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa John Boyd Orr na John Gilks uliolinganisha Wakikuyu na Wamaasai. Waliwaeleza Wakikuyu kuwa walaji wa nafaka, mizizi na jamii ya kunde, na wakaona kwamba wanawake walikula mboga za majani zaidi kuliko wanaume. Wanahistoria wamelaumu uchunguzi ule kwa kurahisisha mambo, na wana haki, maana ulizichora jamii mbili kama vielelezo viwili vya maabara. Hata hivyo, hata ukiupunguzia uzito, haumwonyeshi mlaji wa kuku.

Sasa tazama namna maandishi yalivyoingia. Mwaka 1902 Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza, alipiga kambi karibu na kilima cha Nyeri baada ya kuwashambulia watu wa Tetu, na mji ukaanza kwa ngome hiyo ya kijeshi. Mwaka huohuo wamisionari wa Consolata kutoka Italia walifika nchi ya Wakikuyu, na muda mfupi baadaye Mathari, karibu na Nyeri, ikawa kituo chao kikuu. Waskoti wa Presbiteri walijenga Tumutumu, upande wa Karatina, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vituo vyote viwili viliweka ubao na chaki mbele ya kila jambo, hata waumini wa kwanza wakaitwa athomi, yaani wasomaji. Wakonsolata walileta pia mtambo wa kuchapisha. Mwaka 1916 walianzisha gazeti la Kikuyu, Wathiomo Mukinyu, na mwaka 1933 kitabu cha Padri Cagnolo kuhusu mila za Wakikuyu kilichapishwa papo hapo Nyeri. Mji mdogo wa milimani ukawa unatoa karatasi zake wenyewe wakati miji mingi ya Kenya ilingoja magazeti kutoka Nairobi. Na mafundisho ya misheni hayakuishia kwenye katekisimu. Wasichana walifunzwa kushona, kufua, kulea na kupika, na mafundisho hayo yalipitia kwenye daftari kama yalivyopitia hesabu.

Upande wa pili wa mlango walikuwapo walowezi. Mwaka 1928 Eric Sherbrooke Walker na mkewe, Lady Bettie, walifungua hoteli ya Outspan mjini Nyeri, na mwaka huohuo kikundi cha akina mama wa Kanisa la St Andrew's, Nairobi, kilitoa kitabu cha mapishi na uendeshaji wa nyumba kwa ajili ya walowezi wa Kenya. Kitabu hicho kilichapishwa upya mara nyingi kwa miongo. Katika jikoni za walowezi kuku alikuwa wa kuoka, wa kukaanga, wa supu, na mayai yalikuwa kiamshakinywa cha kila siku. Waliosimama mbele ya majiko hayo walikuwa Waafrika.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapojitokeza, na lina nguvu. Ikiwa mpishi alijifunza kumkaanga kuku katika nyumba ya mzungu, kwa macho na mikono, tunahitaji daftari kwa nini? Jibu liko katika swali la nani alikuwa mpishi. Katika Kenya ya kikoloni mtumishi wa jikoni alikuwa mwanamume kwa kawaida. Ujuzi wake ulimfuata kazini: akitoka kwa mlowezi alikwenda hotelini, kwenye klabu, kwenye shule ya bweni, au akafungua hoteli yake ndogo karibu na soko. Alipofika nyumbani hakuingia jikoni, maana jikoni palikuwa pa mkewe, pa moshi wa kuni na mafiga matatu. Kwa hiyo ujuzi wa mikono ulikwama upande wa wanaume na wa chakula cha kuuzwa. Mwanamke aliyetaka kumpika kuku nyumbani hakuwa na mama wala nyanya wa kumwiga katika jambo hili. Wimbi aliujua kwa kuurithi, lakini mafuta yapashwe moto kiasi gani, kuku achemshwe muda gani kabla ya kukaangwa, kitunguu kitangulie au kifuate, hayo hakuwa na wa kuyarithi kutoka kwake. Pale mapokeo yasipokuwepo, maandishi hushika nafasi yake. Ndiyo sababu naona kwamba daftari la mapishi lilikuwa na kazi nzito zaidi Nyeri kuliko Mombasa, ambako binti alijifunza kuku wa kupaka bila kuandika neno.

Mwaka wa kukaziwa macho ni 1952. Ndipo Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa chini ya mkono wa serikali ya kikoloni, ikiwa na vikundi vya kufundisha upishi, ushonaji na malezi. Oktoba mwaka huo ikatangazwa hali ya hatari. Kuanzia 1954 zaidi ya Wakikuyu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka kwenye mashamba yao na kuwekwa katika vijiji zaidi ya 800 vyenye ulinzi, na Nyeri ilikuwa kati ya wilaya zilizoumia sana. Amri ya kutotoka nje iliwafanya wanawake washindwe kulima. Njaa iliwaua watoto. Katika mazingira hayo vikundi vya Maendeleo vilitumiwa kuwavuta wanawake waache kuwasaidia wapiganaji wa Mau Mau wa msituni, na aliyejiunga angeweza kupata nafuu ya kazi za kulazimishwa. Historia hii haifai kupambwa. Somo la keki na mayai lilifundishwa karibu na handaki lililochimbwa na wanawake wenyewe kwa shuruti. Lakini kilichoanzishwa kwa nia ya mkoloni hakikubaki mikononi mwake. Baada ya uhuru vikundi viliendelea, wanawake wakavifanya vyama vya akiba, vya kuezekeana mabati na vya kununuliana vyombo, na mapishi yakaendelea kunakiliwa kutoka mkono hadi mkono. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ukiwa na somo la sayansi kimu, hata wavulana wakawa wanaandika hatua za upishi kutoka ubaoni.

Pingamizi la pili linahusu kusoma kwenyewe. Atasema mtu kwamba usomaji wa Nyeri ulikuwa wa siasa na wa dini, haukuwa wa starehe, na kuufunganisha na sufuria ni kuushusha hadhi. Chukua basi mfano wa Gakaara wa Wanjau, mzaliwa wa Nyeri aliyefanya kazi yake ya uchapishaji Karatina. Mwaka 1946 alitoa Uhoro wa Ugurani, hadithi inayohusu ndoa. Alikamatwa Oktoba 1952 na kuwekwa kizuizini kwa miaka, na shajara yake ya kizuizini ilipata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Huwezi kumtoa katika siasa. Lakini mtu huyohuyo aliandika visa vya mapenzi na vya kuchekesha kwa Kikuyu, vikawa vijitabu vyembamba na jarida la Gikuyu na Mumbi, kwa wasomaji waliotaka kuburudika jioni. Mpaka kati ya siasa na starehe ulikuwa mwembamba hivyo. Kizazi kilichofuata kilimpata Wahome Mutahi, naye wa Nyeri, ambaye safu yake ya Whispers kila Jumapili iliwaleta wanakijiji wa miteremko ya Mlima Kenya, mke, watoto, mwalimu na padri, kwenye gazeti la taifa. Na Meja Mwangi wa Nanyuki aliwaandikia vijana wa miaka ya 1970 riwaya za mitaani zilizosomwa nje ya darasa kwa hamu zaidi kuliko vitabu vingi vya darasani.

Maandishi hayo hayakusomwa na mtu mmoja pembeni. Ngugi wa Thiong'o ameeleza jinsi Caitaani Mutharaba-ini, riwaya yake ya mwaka 1980, ilivyosomwa kwa sauti majumbani, kwenye baa na ndani ya mabasi, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza na kubishana. Hapo ndipo mahali pa hoteli ya mjini katika hoja hii. Hoteli ya Nyeri au Karatina yenye chai, mandazi na gazeti lililokwisha kupitia mikono kumi ilikuwa maktaba ya wasio na maktaba. Marafiki walioketi hapo siku ya soko walizungumza habari za gazetini, hadithi na chakula bila kutenganisha, kwa sababu vilikuja kwenye karatasi ileile. Aliyesoma ukurasa wa michezo aliugeuza akakuta ukurasa wa mapishi. Gazeti likisha kusomwa, ukurasa huo ulikatwa ukahifadhiwa katikati ya daftari. Kurasa nyingine zote zikafungia nyama.

Linabaki pingamizi la tatu, la wachumi, ambalo nalichukua kwa uzito zaidi. Wao husema kuku alienea kwa sababu alipatikana na akawa rahisi, basi. Mpango wa taifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku ulianza mwaka 1976 kwa msaada wa Uholanzi, na wakulima wakabadilishana majogoo yao ya kienyeji kwa majogoo ya mbegu bora. Kenchic ilianzishwa mwaka 1984 na kusambaza vifaranga na kuku wa nyama nchini kote. Kuku wa nyama hukomaa kwa takriban wiki 6, wakati wa kienyeji huhitaji miezi kadhaa. Nyama ya wa kwanza huiva ndani ya mafuta kwa dakika chache, ya wa pili lazima itangulie kuchemshwa. Bila tofauti hiyo kibanda cha chipsi chenye kabati la kioo na taa ndani yake hakingeweza kuwepo. Haya yote nakubali. Lakini bei hueleza kwa nini watu hununua kitu wanachokitaka. Haielezi kwa nini walikitaka. Samaki naye alipelekwa nyanda za juu na serikali: mabwawa ya kufugia yalichimbwa, na kuanzia mwaka 2009 fedha nyingi za umma zilimwagwa humo, Nyeri ikiwemo. Bado samaki hajapata nafasi ya kuku mezani. Kuku alikuwa na miongo ya matayarisho darasani, kanisani, katika vikundi vya wanawake na kwenye kurasa za magazeti. Kifaranga cha bei nafuu kilipofika, kilikuta jiko lililokwisha kujua la kufanya.

Kwa mwanga huo kampuni za kuku zinaonekana zilivyo. Harland Sanders wa Marekani, mwanzilishi wa KFC, alikamilisha mchanganyiko wake wa viungo 11 mwaka 1940, na mwaka 1952, mwaka uleule wa Maendeleo ya Wanawake, akaanza kuwauzia wengine haki ya kuutumia. Biashara yake yote ilisimama juu ya maelekezo ya upishi yasiyosomwa na mtu: mteja anapewa chakula, siri inabaki kwenye sanduku la chuma. Nyeri ilikuwa imefuata njia iliyo kinyume, ambamo mapishi yana thamani kwa kadiri yanavyonakiliwa. Tofauti hiyo ilijitokeza hadharani Januari 2022, KFC ilipoishiwa chipsi nchini Kenya kwa sababu meli zilizobeba viazi vilivyogandishwa zilichelewa. Wakenya walikasirika kujua kwamba viazi vilitoka ng'ambo, ilhali Kieni, Nyandarua na Meru vinaoza kwa kukosa soko. Kampuni ilijibu kwamba wauzaji wote wa bidhaa lazima wapitie utaratibu wake wa kimataifa wa kuthibitisha ubora, kisha ikaahidi kutafuta viazi vya hapa nchini. Wakati huohuo, katika vibanda vya Karatina, viazi vya aina ya shangi vya Kieni vilikuwa vikikatwa na kutumbukizwa katika mafuta kama kawaida, kando ya kuku aliyetiwa kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, kwa vipimo ambavyo mwenye kibanda yuko tayari kumtajia yeyote anayeuliza.